Upinde Mapajani mwa Daktari

Naapa kwa pensheni yangu, ambayo ndiyo pekee inayonipa sababu ya kuoga kila mwisho wa mwezi, kwamba haya ninayosimulia ni kweli tupu. Sijatia chumvi. Kama kuna neno moja la uongo humu ndani, basi kiti hiki kizuri ninachokalia kiondolewe chini yangu mchana kweupe, watu wakiona. Nilipanda milingoti ya simu miaka thelathini na moja, na mtu aliyekaa juu ya mlingoti muda wote huo huona mambo mengi ya watu. Hana haja ya kubuni.

Basi tuanze Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Mbuthia akiwa nje ya dirisha la ukumbi wa shule moja pale Elgon View. Begani amebeba stendi mpya ya mbao ya kuwekea karatasi za muziki. Moyo wake unawaka kama maranda yaliyomwagiwa mafuta ya taa.

Mbuthia alikuwa seremala wa Langas, mwenye miaka thelathini na miwili, mrefu, mkimya, na penseli haikutoka nyuma ya sikio lake hata kanisani. Ile stendi alikuwa ameitengeneza wiki nzima kwa ajili ya Wahu, mchumba wake, na alikuwa amekuja bila kumwambia, ili amshtue. Aliyeshtuka ni yeye.

Ndani walikaa watu kumi na wawili wa kikundi cha nyuzi. Wengi walikuwa na fidla za kuweka begani. Nyuma kabisa walikaa wawili wenye selo, zile fidla kubwa ambazo mchezaji hukaa akazikumbatia katikati ya magoti. Mmoja alikuwa Wahu. Wa pili alikuwa Stephen.

Sasa huyu Stephen alikuwa daktari wa meno. Nyumba yake iko huko huko Elgon View, ina maua ya bougainvillea mpaka kwenye paa. Gari lake lina rangi ya maziwa. Na meno yake mwenyewe! Akicheka unaweza kusoma gazeti kwa mwanga wake.

Wawili hao walikuwa wanatumia stendi moja. Hilo Mbuthia alikuwa ameshaelezwa, kwamba ndio utaratibu wa kikundi, watu wawili karatasi moja. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba ili wote wawili waone hiyo karatasi, goti la daktari lazima lisogee hivyo, na kichwa chake lazima kiinamie hivyo, na pumzi yake lazima ifike kwenye sikio la mtu hivyo.

"Haya, kutoka juu," alisema Mwalimu Janice, kiongozi wao. "Wote pizikato!"

Pizikato ni pale mwenye fidla anapoacha kukokota upinde juu ya nyuzi, akazidonoa kwa kidole kama kuku anavyodonoa mtama. Wenzake Wahu wote waliukunjia upinde kiganjani kwa vidole vitatu na kunyoosha kile cha shahada. Stephen akafanya hivyo. Wahu hakufanya hivyo. Wahu aliutazama upinde wake, akageuka, na kwa mikono miwili, namna mtu anavyompa mwenzake mtoto aliyelala, akauweka mapajani mwa Stephen.

Mapajani!

Stephen hakushangaa hata kidogo. Alisogeza tu mguu kidogo ili ukae vizuri, mtu aliyezoea. Wakaanza kudonoa. Sauti ilitoka tamu, nzito, kama matone ya mvua ndani ya pipa tupu, na kichwa cha Wahu kikawa kinayumba, macho amefumba. Ndipo Mbuthia alipoona plasta kwenye kidole chake cha shahada. Akaona pia kucha. Zile kucha ndefu za rangi ya zabibu alizozipenda, ambazo Wahu alimwambia zilivunjika akifua, hazikuwa zimevunjika. Zilikuwa zimekatwa, za mkono wa kulia peke yake, sawasawa, mpaka kwenye nyama.

Halafu kikaja kilichommaliza kabisa. Mwalimu Janice alipiga makofi, wenzake wote wakarudi kwenye pinde zao, lakini Wahu hakurudi. Aliendelea kudonoa. Upinde uliendelea kulala pale pale ulipolala.

"Fundi, unapima dirisha?" Ilikuwa sauti ya Lazarus, askari wa lango, amekuja na fimbo yake nyuma ya mgongo.

"Napumzika."

"Pumzika tu. Wanapiga vizuri, sivyo? Hasa yule daktari na yule dada. Hao wanaelewana sana. Kila Alhamisi yeye ndiye humbebea ile ngoma yake mpaka kwa gari."

"Si ngoma."

"Hata kama ni jokofu, fundi. Cha muhimu anambebea."

Mbuthia aliweka stendi chini, akaiegemeza ukutani.

Ni lazima nikwambie kuhusu ule upinde, au hutaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kulia kwa ajili ya fimbo. Wahu alipovunjikiwa na upinde wake wa kwanza, Mbuthia alisema, "Usinunue. Nitakutengenezea." Hakuwa ametengeneza upinde maishani mwake. Alichukua mti wa mutamaiyu, ule mgumu unaoua misumeno, akauchonga miezi mitatu, akaupinda polepole juu ya jiko la makaa. Vidole viwili vikaungua. Singa za kufungia akazipata kwa mzee mmoja jirani, mtu muungwana sana, mwenye sura ya kuvutia kwa umri wake, aliyemhakikishia kwamba zilitoka kwenye mkia wa farasi wa mashindano kule Plateau, farasi aliyewahi kushindana na treni na treni ikaomba radhi. Kwa hizo singa Mbuthia alimtengenezea yule mzee kiti cha mvule chenye mikono miwili mipana ya kuwekea kikombe. Wote wawili waliridhika.

Wahu alipokuja kuchukua upinde, mashine ya randa ilikuwa inanguruma karakanani. Aliukokota mara moja tu juu ya nyuzi. Kwa ile kelele Mbuthia hakusikia kitu, lakini aliona uso wake. Wahu aliutazama upinde, akavitazama vidole vya Mbuthia vilivyoungua, halafu akatabasamu mpaka machozi yakamlengalenga. Akasema kwa sauti ya kushinda mashine, "Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu kama hiki."

Hiyo ndiyo iliyokuwa posa yao. Pete ilikuja baadaye, lakini upinde ndio ulioanza. Na sasa ulikuwa umelala juu ya suruali ya daktari wa meno.

Mazoezi yaliisha. Wahu alitoka na upinde mkononi, ameufunga ndani ya skafu yake ya kijani. Nyuma yake Stephen alikuwa amebeba selo ya Wahu ndani ya mfuko wake mweusi, na kwa mkono wa pili ameshika kasha jembamba, refu.

"Wahu, nakwambia tena, chukua huu," alisema Stephen. "Mimi ninazo pinde mbili. Ujaribu tu mara moja. Utaupenda."

Wahu alifungua mdomo kujibu. Lakini Mbuthia alikuwa ameshatoka nyuma ya nguzo.

"Atapenda nini?"

"Ah, fundi!" Meno yakaonekana yote. "Nimesikia sifa zako sana."

"Mimi zako nimeziona. Kupitia dirishani."

Stephen aliwatazama wote wawili, akaweka selo chini taratibu kama mtu anayeondoka karibu na nyuki. "Wahu, nikungoje kwa gari?"

"Usimngoje," alisema Mbuthia. "Miguu anayo."

"Nenda tu, daktari," alisema Wahu. "Nitachukua tuktuk."

Gari la maziwa likaondoka. Lazarus alibaki karibu na lango, anafagia mahali ambapo palikuwa pameshafagiwa.

"Mbuthia, una nini?"

"Kidole kimefanya nini?"

"Kidole gani?"

"Hicho kimevaa plasta. Nani alikifunga?"

Wahu alikitazama kidole kama kwamba ni cha mtu mwingine. "Stephen. Yeye ana plasta kwa gari. Si ni daktari?"

"Wa meno. Kwani kidole chako kimeota jino?"

Siku nyingine angecheka. Wahu alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta. Jioni ile aliuma tu mdomo.

"Na kucha?" Mbuthia akaendelea. "Uliniambia zilivunjika. Tano, za mkono mmoja, zikavunjika zote kwa mstari kama zimepimwa na rula."

"Nilizikata."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya nyuzi, Mbuthia. Ukidonoa na kucha sauti inakuwa ya bati. Inatakiwa nyama ya kidole."

"Mbona hukuniambia hivyo?"

"Kwa sababu ungeniuliza kwa nini nadonoa sana."

"Haya. Nakuuliza. Kwa nini unadonoa sana? Wenzako wote wanarudi kwenye upinde, wewe unabaki na kidole. Na upinde wangu, Wahu. Upinde niliouchonga mimi. Unatafuta nini mapajani mwa mwanamume?"

Upepo wa jioni ulikuwa unatikisa miti ya barabarani, na harufu ya nyasi zilizokatwa ikapita katikati yao. Wahu alimtazama kwa yale macho yake makubwa, na Mbuthia aliona kuna neno limefika mpaka kwenye midomo, likasimama hapo, likarudi.

"Siwezi kukuambia," alisema Wahu.

"Huwezi au hutaki?"

"Leo siwezi. Acha Jumamosi ipite. Watu wako waje kwetu, mama awaone, mle, mrudi. Jumapili nitakuambia kila kitu. Tafadhali, mpenzi."

"Ili mimi nikae pale kwenu Cheptiret nimevaa suti ya kuazima, mjomba wangu akitoa maneno yote ya heshima, na wewe moyoni una siri ya daktari?"

"Si siri ya daktari!"

"Ni ya nani basi?"

Hakujibu. Na mtu mwenye wivu, ndugu msomaji, hujaza kimya cha mwenzake na chochote alicho nacho karibu. Mbuthia alikuwa na mapaja, plasta na gari la maziwa.

"Nipe upinde wangu," alisema.

"Mbuthia."

"Nipe. Wa daktari si upo? Tena umeambiwa utaupenda."

Wahu aliufungua kutoka kwenye skafu. Aliutoa taratibu, kwa mikono miwili, vile vile alivyoutoa mle ukumbini.

"Usiuangushe," alisema kwa sauti ndogo. "Kichwa chake ni kizito, huwa kinavuta."

"Jumamosi haipo," alisema Mbuthia, akaenda zake. Ile stendi mpya aliisahau pale pale. Lazarus ndiye aliyeiokota.

Usiku ule mjomba wa Mbuthia alipiga simu Cheptiret kuomba msamaha, na asubuhi ya Ijumaa Mama Waiyego, mama yake Wahu, alimpigia Mbuthia mwenyewe. Mama Waiyego ana duka la nafaka kando ya barabara kuu, na huongea na watu wote kama kwamba wako upande wa pili wa lori.

"Fundi! Nimesikia hamji tena."

"Ndiyo, Mama. Samahani sana."

"Sijakasirika. Mbuzi nilikuwa bado sijamfunga. Mimi tangu mwanzo nilimwambia Wahu, huyu kijana ana adabu, lakini mikono yake ina gundi. Mtoto wangu ni mwalimu. Akaniambia, mama, hiyo mikono hujui inafanya nini. Nikamwambia haya, kama ni mikono ya maana, Jumamosi akija nipigie hiyo fidla yako kwa huo upinde wake, nisikie na masikio yangu. Akakubali. Kwani hakukuambia?"

"Hakuniambia, Mama."

"Basi. Pengine aliona ni bure. Kuna daktari mmoja huko kwenu, nasikia ni mtu wa heshima, humsaidia sana na mizigo. Siku njema, fundi."

Mbuthia alizima simu. Akauchukua upinde, akaubana kwenye jiliwa, akashika msumeno.

Nadhani angeukata. Msumeno ulikuwa umeshagusa mti. Lakini jua la asubuhi lilikuwa linaingia mlangoni, likaangukia zile singa, na fundi hawezi kuacha kutazama kazi, hata kazi anayotaka kuiua. Akaona singa zimejaa unga mweupe. Ulikuwa utomvu mkavu wa msonobari, ambao wapiga fidla hupaka kidogo tu ili singa zishike nyuzi. Hapa haukuwa kidogo. Ulikuwa umepakwa, ukapakwa tena, mpaka umeganda kama chokaa kuanzia ncha hadi kwenye mpini. Huyu alikuwa mtu aliyejaribu, akashindwa, akajaribu tena, siku nyingi, akiwa peke yake.

Kulikuwa na fidla ya mteja imening'inia ukutani, imekuja kuzibwa ufa. Mashine ya randa ilikuwa imezimwa. Mbuthia aliushika upinde kama alivyoona Wahu akifanya, akauweka juu ya nyuzi, akavuta.

Langas nzima ilisikia. Kuku waliruka juu ya bati. Mbwa wa jirani alijibu kwa uchungu, na mama mmoja aliyekuwa anapita na karai la nyanya akafanya ishara ya msalaba. Mbuthia alivuta tena, polepole. Ikatoka sauti ya bawaba ya lango la shule. Akavuta mara ya tatu, na zile singa zikateleza bila kushika kitu, kimya kabisa, na hicho kimya ndicho kilichomuumiza zaidi.

Alikaa chini juu ya maranda. Upinde wake mwenyewe. Miezi mitatu, vidole viwili, na hakuwahi hata siku moja kuusikia.

"Kwa hiyo umesikia," ilisema sauti mlangoni.

Wahu alikuwa amesimama pale, amevaa sweta ya kazini, plasta ameitoa. Kidole cha shahada kilikuwa na lengelenge lililopasuka, jekundu kama ndani ya tini.

"Nimesikia," alisema Mbuthia.

"Nilitaka usisikie kamwe."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya kwanza. Mashine ilikuwa inanguruma, wewe unanitazama usoni na hivyo vidole vyako vimefungwa vitambaa. Ningekuambiaje?"

"Ungesema tu, Wahu! 'Mbuthia, upinde ni mbovu.'"

"Ningesema nini baada ya hapo?"

Alikuja, akakaa juu ya maranda kando yake, sketi nzuri ya shule na yote.

"Nilimwomba Mwalimu Janice anipe sehemu zote za kudonoa," alisema. "Zile za upinde nadonoa pia, polepole, wengine wananifunika. Na kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nimejitungia wimbo mzima wa vidole. Mama hajui mambo ya selo. Ningeushika upinde mkononi aone, halafu nidonoe mwanzo mpaka mwisho, niseme ndivyo unavyopigwa. Nimeufanyia mazoezi mpaka kidole kikafa."

"Na Stephen?"

"Stephen amenipa upinde wake mara nne. Mara nne nimekataa. Jana ilikuwa ya tano, ukatokea kabla sijajibu."

"Ungeuchukua tu. Ni upinde mzuri."

"Mimi nishike upinde wa mwanamume mwingine?" Wahu aligeuka akamtazama kama kwamba amemtukana. "Wewe ungejisikiaje?"

Mbuthia alifunika uso kwa mikono yote miwili, ile yenye gundi.

"Lakini mapajani, Wahu," alisema ndani ya viganja. "Kwa nini mapajani?"

"Kwa sababu ni mzito, nikiukunjia kiganjani nikidonoa mkono unakufa ganzi. Wenzangu wakichoka huweka zao chini sakafuni. Mimi nikashindwa." Alipangusa maranda kwenye sketi. "Siwezi kuweka kazi ya mikono yako chini watu wapite juu yake. Aliyekaa karibu ni Stephen. Angekaa Mwalimu Janice ningeuweka kwake."

Hapo Mbuthia alikichukua kile kidole, taratibu, akakipuliza kama mtu anayepuliza kaa la moto lisizimike. Walikaa hivyo. Sitasema walikaa muda gani. Wahu alikuwa wa kwanza kucheka.

"Ulisema kidole kimeota jino."

"Nilikuwa na hasira."

"Lazarus amesimulia mpaka kwa mama muuza maziwa."

Kisha Wahu akautoa upinde kwenye jiliwa, akaugeuza kwenye jua, akavuta singa moja ikatoka. Ilijikunja mwishoni kama mkia wa kinyonga.

"Mbuthia. Farasi gani huyu ana nywele za kujikunja?"

"Wa mashindano. Kutoka Plateau. Alishindana na treni."

"Nani alikuambia?"

Mbuthia aliinuka. Aligeuka polepole akatazama upande wa pili wa kijia, ambako yule mzee muungwana alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mvule, kikombe cha chai kwenye mkono wa kushoto wa kiti, anafukuza nzi. Anafukuza nzi na kijiti. Kijiti kilichochongwa vizuri, chenye shanga mpinini, na huko mbele ambako palitakiwa kuwa na mkia, kipara kitupu.

"Mzee Zachariah," aliita Wahu, kwa ile sauti ya mwalimu wa darasa la nne. "Usinga wako umenyolewa na nani?"

Sasa, msomaji, nilikuwa nimepanga kupita hapa haraka. Lakini wamenishika, na Wahu amesema lazima niandike. Ndiyo. Ni mimi. Ulikuwa usinga niliopewa siku ya kustaafu, na mkia ulikuwa wa ng'ombe, tena ng'ombe wa kawaida kabisa ambaye hajawahi kuona treni. Nilimwona kijana anatafuta singa kila mahali, na mimi nilikuwa natafuta kiti.

"Wanangu," nilisema, "farasi alikuwepo, lakini..."

"Guka," alisema Wahu. Guka ndivyo wanavyoita babu, na hakulisema kwa upole.

"Alikuwa ng'ombe," nikasema.

Nilidhani Mbuthia atanipiga. Aliingia karakanani, akatoka na msumeno ule ule. Aliniambia niinuke. Nikainuka. Akakiweka kiti cha mvule katikati ya kijia, na mbele ya Langas nzima, mama wa nyanya akiwemo, akakata mkono wa kulia. Halafu wa kushoto. Chai yangu ikamwagika. Akavipiga msasa vile vikonyo vilivyobaki mpaka vikawa laini kama sabuni, akamwambia Wahu, "Kaa." Wahu akakaa, akaunyoosha mkono wake kulia na kushoto kama anakokota upinde hewani, na hakuna kilichomgonga kiwiko.

"Miaka yote natafuta kiti kama hiki," alisema.

Halikuishia hapo. Mchana Mbuthia alimpigia simu Stephen mwenyewe, akameza mate mara mbili kabla ya kuomba msamaha. Stephen alisema kuna mama Elgon View anayefuga farasi wawili, na yeye Stephen anamdai hisani ya gego moja lililong'olewa vizuri. Nani alitumwa kwenda kuchana mkia wa farasi kwa chanuo? Mimi, mwenye umri huu. Sitaki kulizungumzia, ila nitasema tu kwamba farasi wa kweli hapendi.

Jumamosi ikawepo, nami nikawamo msafarani. Sebuleni kwa Mama Waiyego kule Cheptiret, mjomba wa Mbuthia alisema maneno yote ya heshima, na Mama Waiyego alisikiliza amekunja mikono. Kisha akasema, "Haya. Nilitaka kusikia."

Wahu alikaa kwenye kile kiti cha mvule. Ule upinde wa mutamaiyu, umepunguzwa kichwa na kufungwa singa mpya, ulishuka juu ya nyuzi, na mara hii ukaimba. Mbuthia alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa anausikia ukiimba kwa mara ya kwanza. Sikumwangalia usoni. Kuna mambo hata mimi siyatazami. Wahu alifika mwisho, akaukunjia kiganjani upinde ambao sasa ulikuwa mwepesi, akanyoosha kidole chenye kovu, akadonoa sauti moja tu, nzito, huku anamtazama Mbuthia. Ikakaa hewani mpaka chai ikapoa.

Mama Waiyego hakusema neno kuhusu muziki. Aliinuka, akapitisha kidole gumba juu ya kikonyo cha kiti.

"Hiki kiti kilitengenezwa na nani?"

"Mimi, Mama," alisema Mbuthia.

"Mbona hakina mikono?"

"Kilikuwa nayo. Niliikata ili kiwiko chake kipite."

Mama Waiyego alipitisha kidole tena. "Umepiga msasa vizuri," alisema. "Kaa, baba. Chakula kinapoa."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na kwa kuwa Wahu atasoma hii kabla ya mtu mwingine yeyote, acha nirekebishe neno moja la pale mwanzo, pale nilipotaja kiti kizuri ninachokalia. Nimekalia kreti ya soda. Hilo halina chumvi hata chembe. Njoo Langas uone.